RAV4 si jeep: gari ya vijana wa Japani ndani ya njia zetu

Simama dakika kumi pembeni ya Place de l'Indépendance mjini Bukavu, ao ku rond-point Signers kule Goma, uhesabu. Kati ya Noah, Ist, Vitz na pikipiki zisizo na hesabu, RAV4 haitakosa kupita. Kuna zile za zamani za milango mitatu, fupi kama sanduku, mupira wa akiba mgongoni. Kuna zile za milango mitano zinazobeba familia nzima siku ya misa. Wakaaji wanaziita zote jina moja: jeep. Na muuzaji akiona mteja anasitasita, anamaliza mazungumuzo na maneno tunayoyajua wote: «Papa, hii iko 4x4, itapita fasi yote.»

Hilo «fasi yote» limekula akiba ya watu wengi. Mtu anaweka dola pembeni miaka mitano, sita, ananunua RAV4 juu anataka kufika shambani Kalehe ao kupeleka bidhaa Bunyakiri, na kiisha miezi michache gari iko garaje zaidi kuliko njiani. Ile gari haikumudanganya. Inafanya kazi iliyotengenezewa. Shida ni kwamba ilitengenezewa mtu mwingine, kwa barabara zingine, na hakuna aliyemueleza mnunuzi.

Basi tuanze ku chanzo.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, Wajapani walikuwa na pesa na walipenda sana magari marefu ya kupanda mlima: Pajero, Land Cruiser, Hilux Surf. Vijana nao waliyatamani. Lakini yalikuwa mazito, yanakunywa esansi sana, na mitaa ya Tokyo ni myembamba. Zaidi ya hapo, wengi wao hawakuwa na mlima wowote wa kupanda. Walitaka gari ya kwenda kazini siku tano, kisha siku ya mapumziko kupakia baiskeli ao vifaa vya kuteleza ku theluji na kukimbia inje ya mji. Suzuki ilikuwa imeanza kuwajibu mwaka 1988 na Escudo, ile inayojulikana fasi zingine kama Vitara, lakini Escudo ilibaki jeep ndogo ya kweli, yenye chasi ya chuma chini.

Toyota ikachukua njia ingine. Mwaka 1989, ku maonyesho ya magari ya Tokyo, ilionyesha gari ya majaribio iliyoitwa RAV-Four. Mhandisi mkuu wa mradi alikuwa Masakatsu Nonaka. Wazo lilikuwa rahisi na kwa wakati ule lilionekana kama la ajabu: kuchukua vipande vya magari madogo ya kawaida ya kampuni, ya ukoo wa Corolla, Carina na Camry, kuvipandisha juu, kuvivalisha mwili wenye sura ya jeep. Mwaka 1994 gari ikaanza kuuzwa Japani na Ulaya. Ilikuwa na milango mitatu, urefu wa karibu mita 3 na sentimeta 70, injini ya esansi ya lita 2. Mwaka 1995 ikafuata ile ya milango mitano.

Jina lenyewe linasema yote. Herufi R, A na V ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya gari ya mapumziko kwa watu wasiopenda kukaa bure, na 4 ni magurudumu manne yenye kuvuta. Kule Japani ilikuwa hata na majina mawili kufatana na duka linaloiuza: RAV4 L na RAV4 J, moja ikimaanisha uhuru, ingine furaha. Hakuna fasi katika jina hilo penye gunia la mihogo, wala watu wanane, wala njia ya Walikale.

Vijana wakaipenda, na washindani wakafuata mbio: Honda ikaleta CR-V mwaka 1995, Subaru ikaleta Forester 1997. Aina nzima mpya ya gari ilizaliwa pale. Mwaka 2020 Toyota ilitangaza kwamba imeuza RAV4 milioni 10 duniani. Nyingi kati ya zile za zamani, zikichoka kule Japani, zilipanda meli, zikashuka Mombasa na Dar es Salaam, zingine zikipitia Dubai, mpaka zikafika kwetu. Ile gari ya kijana wa Tokyo asiye na mtoto, hapa mwenyewe mara mingi ni baba wa watoto sita.

Nini iko chini

Land Cruiser ya kweli, ile unaona ku mashirika na ku jeshi, imejengwa kama nyumba ya mbao juu ya msingi wa mawe. Chini kuna chasi: miti miwili mikubwa ya chuma yenye kwenda kutoka mbele mpaka nyuma. Injini, magurudumu na ponti vimefungwa pale. Mwili wa gari umewekwa juu, unaweza hata kuuondoa wote na gari ikabaki inasimama. Chasi ikigongwa ku jiwe, inapokea.

RAV4 haina hiyo chasi. Mwili wenyewe ndio chasi: mabati yaliyochomelewa pamoja yakawa kitu kimoja, kama yai. Yai ni jepesi na lina nguvu ya ajabu likibanwa sawasawa pande zote. Ndiyo maana RAV4 ya kwanza ilikuwa na uzito wa zaidi kidogo tu ya tani moja, wakati Land Cruiser inapita tani mbili, na ndiyo maana ku lami inatulia kama taxi. Lakini piga yai fasi moja, kila siku, fasi ileile. Njia ya mawe ya volkano inafanya hivyo. Kiisha miaka, mabati yanaanza kuchoka pale amotisere inaposhikana na mwili, kuchomelea kunaachia, milango inaanza kugoma kufungwa.

Kwa hiyo ukienda kununua, usianze na kapo wala radio. Fungua na kufunga kila mulango pole pole. Ukisikia mmoja unapanda ao unashuka kidogo mbele ya kufunga, jiulize. Angalia mipira: kama mmoja umeisha upande wa ndani peke, ama kuna kitu kimepinda ama piesi ya chini imechoka. Kisha fungua kapo, angalia kuume na kushoto pale juu ya amotisere za mbele. Rangi iliyopasuka, ao rangi mpya kuliko ingine, inakwambia habari ambayo muuzaji hakuipanga kukwambia.

Magurudumu manne, lakini namna gani?

Hapa ndipo watu wengi wanapoteza.

Kwanza: si kila RAV4 iko 4x4. Hata na hiyo 4 ku jina. Toyota iliuza mingi zenye kuvuta na magurudumu ya mbele tu, juu mteja wa mjini hakuhitaji zaidi na alitaka bei ipunguke. Kwa zile zilizouzwa Japani, ukweli umeandikwa ku kaplaki kadogo ka chuma ndani ya kapo, na kwa makaratasi. Kizazi cha pili, cha tangia mwaka 2000, kikiandikwa ZCA25 ao ZCA26 ni injini ya lita 1.8 yenye kuvuta mbele peke. ACA20 na ACA21 ni lita 2 na magurudumu manne. Kizazi cha tatu, cha tangia mwisho wa 2005: ACA31 inavuta ine, ACA36 inavuta mbili. Ukiwa hauamini karatasi, inama nyuma ya gari uangalie chini. Kama kuna chuma kirefu cha mviringo chenye kutoka mbele mpaka ku ponti katikati ya magurudumu ya nyuma, iko ine. Kama pale katikati ni wazi, wamekuuzia gari ya mjini yenye mwili mrefu. Inaweza kuwa gari nzuri sana. Lakini bei yake isiwe ya 4x4.

Pili, hata ile yenye kuvuta ine, haivute kama Land Cruiser. Kizazi cha kwanza kilikuwa na ponti ya katikati yenye kugawa nguvu mbele na nyuma muda wote, na zingine za vitesi vya mkono zilikuwa na kibonyezo cha kufunga ile ponti ukikwama. Kizazi cha pili kiliondoa kibonyezo na kuweka ndani ya katikati kitu ambacho mama yeyote wa Kivu atakielewa haraka kuliko fundi.

Fikiri unasonga bugali. Mwanzoni mwiko unatembea bila shida. Unavyozidi kuzungusha juu ya moto, inakaza, mpaka sufuria yenyewe inataka kuzunguka na mwiko na inabidi mtu aishike. Ndani ya RAV4 kuna sahani nyembamba za chuma zilizopangwa karibu karibu ndani ya mafuta mazito ya silikoni. Nusu ya sahani zimefungwa upande wa mbele, nusu upande wa nyuma. Gari ikitembea vizuri, pande zote mbili zinazunguka sawa na hakuna kinachotokea. Magurudumu ya mbele yakianza kuteleza, sahani zao zinazunguka haraka kuliko zingine, mafuta yanapata moto, yanakaza, yanabeba zile zingine. Nguvu inakwenda nyuma. Hakuna kompyuta, hakuna kibonyezo, dereva hajui hata kama kimetokea.

Ni kazi ya akili, na kwa theluji ao mvua ku lami inatosha kabisa. Lakini angalia sharti: lazima kwanza iteleze. Na ikizunguka muda mrefu ndani ya matope, yale mafuta yanapata moto kupita kiasi na kuharibika.

Kuna tena kosa dogo ambalo tunalifanya kila siku bila kujua. Tunanunua mupira mmoja wa okazioni na kuuweka pamoja na mitatu iliyoisha, ao tunaweka mbele saizi moja na nyuma ingine. Mupira mpya ni mkubwa kidogo kuliko ulioisha, kwa hiyo unazunguka polepole kuliko mwingine. Zile sahani zinaona tofauti, zinafikiri gari inateleza, zinaanza kusonga bugali mchana kutwa ku barabara kavu. Kiisha miezi unasikia gari inakaza ukikata kona ya parking, kama freni zimeshika. Fundi anabadilisha freni. Haisaidii. Mipira ine iwe ya saizi moja na ya umri moja. Kwa gari hii hiyo ndiyo matengenezo yenyewe.

Kizazi cha tatu kilibadilisha tena: kawaida kinavuta mbele, kompyuta inapeleka nguvu nyuma ikiona hitaji. Kuna kibonyezo kimeandikwa LOCK, kinakaza mbele na nyuma pamoja, lakini ukipita karibu kilometa 40 kwa saa kinajiachia chenyewe. Ni cha kutoka ndani ya matope, si cha kusafiria.

Na hakuna RAV4 yoyote, tangia ya kwanza mpaka leo, yenye vitesi fupi, ile kraboti ya Land Cruiser inayofanya gari itambae polepole na nguvu nyingi. RAV4 ikipanda mlima wa mawe na mzigo, unaipandisha kwa esansi na klachi. Klachi inalipa. Tena tunaishi juu. Bukavu na Goma ziko karibu mita 1500, Butembo inapita pale. Injini isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kila ukipanda mita 1000, juu hewa ni nyepesi. Kwa hiyo ile injini ya lita 2 unayoiona ku karatasi, hapa kwetu haiko nzima.

Pale inapokwama

Niliwahi kuwa ndani ya RAV4 ya rafiki ku njia ya Bunyakiri, siku mbili kiisha mvua. Malori yalikuwa yamepita mbele yetu na kuacha mifereji miwili mirefu ya magurudumu, yenye kina cha goti. Dereva aliamini jina la gari. Tulitembea mita labda ishirini, kisha kimya: injini inalia, magurudumu yote yanazunguka, gari haiende popote. Tumbo lilikuwa limekaa juu ya udongo wa katikati kama kuku juu ya mayai. Vijana wa pale walikuwa tayari na majembe. Walitushusha wote, wakachimba saa moja na nusu, wakataja bei, tukalipa. Motari mmoja alipita pembeni yetu mara mbili, kwenda na kurudi, akicheka.

Sababu ni hesabu ya sentimeta. RAV4 ina nafasi ya karibu sentimeta 19 ao 20 kati ya tumbo na udongo. Lori linachimba zaidi ya pale, na magurudumu yake yako mbali mbali kuliko yetu. Kwa hiyo ndani ya mifereji ya lori, RAV4 ama inakaa na tumbo, ama inatembea imeinama upande mmoja. Ikiinama, gurudumu moja la mbele na moja la nyuma vinaning'inia hewani, na nguvu yote inakwenda kwa yale yasiyogusa kitu. Ndivyo ponti ya kawaida inavyofanya: inapeleka fasi penye urahisi. Land Cruiser nayo inaweza kukwama, lakini iko juu zaidi, mipira yake ni mirefu, na zingine zina kufuli ku ponti.

Ukilazimika kupita, mguu mmoja wa gari uuweke juu ya tuta la katikati, mwingine juu ya ukingo wa inje, usiingie ndani ya mifereji. Na kama hauoni chini ya maji, mtu ashuke apime na fimbo. Ku mteremko wa Ngomo, kati ya Bukavu na Kamanyola, wenye hekima wanajua kusubiri udongo ukauke kuliko kujaribu bahati kando ya shimo.

Mzigo ni habari ingine. RAV4 ilihesabiwa kwa watu watano na mifuko yao, kilo 400 hivi kwa jumla. Tukiweka wanane, magunia mawili na mbuzi, amotisere za nyuma zinakaa chini, zile sentimeta 19 zinakuwa 12, na mwanga wa taa unaangalia mbinguni ukipofusha wanaokuja. Mimi simhukumu mtu. Usafiri ni mgumu na kila mtu anatafuta. Lakini aliyepakia hivyo asishangae rotili zikitoka kila miezi mitatu.

Volani ya kuume, mulango wa nyuma

Sheria yetu ni kutembea ku mkono wa kuume. Japani wanatembea ku kushoto, ndiyo maana volani iko kuume, na mashariki yetu imejaa magari hayo. Ukitaka kupita lori, wewe dereva unaona mgongo wa lori tu. Anayeona barabara ni yule aliyekaa kushoto. Kila familia ina mtu wake wa kusema «piga!» ao «ngoja!». Mara mingi ni mama, na hana permi. Ukiwa peke yako ndani ya gari, kaa mbali na lori, usiwe karibu na mgongo wake: ukiwa nyuma mita nyingi utaona mbele bila kutoka inje ya mstari.

Kuna alama ingine ya Japani ambayo wachache wameitambua. Mulango wa nyuma wa vizazi vitatu vya kwanza hauinuki juu, unafunguka kama mulango wa nyumba, na bawaba zake ziko upande wa kuume. Kule Japani gari inasimama ukingo wa kushoto, kwa hiyo mulango unaachia njia mtu aliye ku trotwari apakie. Hapa kwetu gari inasimama ukingo wa kuume. Mulango unafunguka ukikukinga mbele ya trotwari, na wewe unazunguka na gunia mpaka upande wa barabara, fasi pikipiki zinapita. Hakuna wa kulaumu. Walihesabu kwa barabara yao. Lakini watoto wasitumwe kupakia pale bila mkubwa.

Tena mupira wa akiba unaning'inia ku mulango uleule. Njia ya mashimo inautikisa mwaka mzima, bawaba zinashuka. Shika mulango ukiwa wazi, uinue na mkono. Ukicheza juu na chini, bawaba zimechoka.

Injini na mafuta ya pembeni

Injini ya kizazi cha kwanza, ile inaitwa 3S-FE, ni mvumilivu. Ilikuwa pia ndani ya Carina na Camry, kwa hiyo piesi na fundi vipo. Ku kizazi cha pili, uliza swali moja: ni injini ya kawaida, ao ni ile imeandikwa D-4? D-4 inaingiza esansi moja kwa moja ndani ya silinda, kwa shinikizo kubwa sana. Inapunguza matumizi kidogo, lakini pompu na injekteri zake hazivumilii uchafu. Na sisi, tuseme ukweli, tunanunua mafuta kwa Kadhafi ku kidumu, na kidumu hicho jana kilikuwa na kitu kingine. D-4 ikianza kutikisika asubuhi na kukataa kuwaka, gharama yake inaumiza. Kwa mazingira yetu mimi ningeiacha.

Kizazi hichohicho cha otomatiki, cha miaka ya kwanza, kina ugonjwa mmoja unaofanana na mwingine. Gari inapiga kwa nguvu ikibadilisha vitesi, na fundi anasema bwati imekufa, ubadilishe. Mara mingi mwenye kosa ni kompyuta ya injini, kisanduku kidogo ndani ya gari. Kule Marekani Toyota iliongeza muda wa garantii juu ya shida hii. Omba kwanza waangalie kile kisanduku mbele ya kulipa bwati nzima. Kama bwati imetembea muda mrefu ikipigwa hivyo, inaweza kuwa imeharibika nayo kweli, basi usichelewe.

Ku kizazi cha tatu, na ndugu yake mrefu anayeitwa Vanguard, injini ya lita 2.4, 2AZ-FE, inajulikana kwa kula mafuta ya injini. Haivuje chini, inayachoma. Angalia kijiti cha mafuta kila juma, si kila mwezi.

Kitu kimoja kidogo kinaokoa pesa nyingi kwa vizazi vyote: ile mipira laini yenye mikunjo kama kinanda cha kukunja, inayofunika viungo vya kuzungusha magurudumu ya mbele. Jiwe likiipasua, grisi inatoka, mchanga unaingia, na ndani ya majuma machache unasikia ka-ka-ka ukikata kona. Ukiiona imepasuka leo, ni kazi ya asubuhi moja ku garaje. Ukisubiri kusikia ile sauti, utanunua kiungo kizima.

Sasa nani anunue? Aliye na kazi mjini, anayekaa fasi penye mteremko wa mawe kama Bukavu yote ilivyo, anayesafiri mara moja moja ku njia ya udongo wakati wa kiangazi, na familia ya watu watano: RAV4 inamfaa kuliko gari mingi. Inapanda Panzi bila kugusa tumbo fasi ambapo Vitz inalia, na ku lami haimalize esansi kama Land Cruiser, karibu lita 10 kwa kilometa 100 kama haujapakia sana. Anayefanya biashara ya Walikale, ao anayehitaji kufika fasi hata wakati wa mvua kubwa, anunue kitu chenye chasi, hata kama ni cha zamani zaidi na kinakunywa mazutu. Ao akodi, na pesa yake ibaki.

Umuonye pia rafiki anayeangalia zile mpya zaidi. Kizazi cha nne hakikuuzwa Japani. Kule Toyota iliendelea na cha tatu mpaka 2016, kisha RAV4 ikarudi mwaka 2019 na kizazi cha tano. Kwa hiyo mtu akikwambia «hii ya 2014 imetoka Japani», na ina sura ya kizazi cha nne, uliza tena, juu ilianzia fasi ingine. Mwaka 2025 Toyota ilionyesha kizazi cha sita, na hicho ni hibridi peke. Ndani ya RAV4 za hibridi zenye kuvuta ine, magurudumu ya nyuma yana motere yao ya umeme, na kile chuma kirefu cha katikati hakipo tena. Ukiinama nyuma kuangalia kama nilivyokwambia, utaona wazi na utafikiri wamekuibia. Pale utafute maandishi AWD-i ao E-Four, kisha uulize betri iko na umri gani.